Upepo wa Ubavuni

Hatusemezani, mimi na Mize,
tangu ile mikarafuu kumi na minane ya baba.
Lakini shangazi Mkasi kafariki Konde,
gari hakuna, mvua tangu alfajiri,
na pikipiki ni yangu.

Kapanda kiupande. Mkono mmoja keria,
mwingine mkobani. Mimi hakunigusa.
Helmeti nimempa yeye;
mvua yanichapa usoni kama mchele unaopetwa.

Kutoka Wete miti ilitukinga.
Kisha bonde la mpunga, miti ikakatika,
na kusi likatupiga ubavuni:
pikipiki ikahama njia yenyewe
kama mbuzi aliyeona majani ng'ambo.
Lori la kokoto likatoka ukunguni, taa moja.

Usishindane nayo. Legeza viwiko,
bana tangi kwa magoti, ulalie upepo
kama ukuta; na ukuta ukiondoka
uwe umeshainuka.
Hayo nayajua mimi. Mize,
nikilala kulia, yeye kushoto,
ndivyo alivyo tangu chuoni.

"Njoo upande wangu, wee!"
Neno la kwanza tangu Mfungo Mosi.

Kimya. Kisha bega lake mgongoni,
vidole vya baridi vikazamia koti langu,
helmeti ikanigonga kisogo kwa kila shimo.
Tukapinda pamoja
hata lori likapita, hata mpunga ukaisha.

Konde, uani kwa watu, akakung'uta buibui,
akanirudishia helmeti, kioo kizima ukungu.
"Breki zako zinalia,"
akasema,
akaingia kwa wanawake.