Kauli ya Kutendwa

Darasa la sita, Kwa Mtoro, kipindi cha pili,
upepo wa Agosti unamwaga vumbi kwenye madaftari.
Naandika ubaoni sentensi tatu
nilizonakili Kondoa mjini, kutoka ripoti ya vita
iliyobandikwa ukutani kwa gundi na haraka:

Maji yalipatikana.
Mizigo ilibebwa.
Njia ilionyeshwa.

"Zibadilisheni," nasema, "ziwe kauli ya kutenda."
Kimya. Kisha Perpetua ananyoosha kidole:
"Mwalimu, mtenda hayupo."

Sikuwa nimepanga kusema.
Somo lilikuwa sarufi tu, na mtihani wa wilaya u karibu,
lakini nikaweka chaki chini.

Yupo. Ni baba yake Bibi yangu.
Jina lake linaanza na ule mlio wetu,
ulimi unaganda kaakaani kisha unabanduka,
mlio ambao wageni hudhani tunawasonya.
Karani wa jeshi alimwambia arudie. Akarudia.
Akarudia tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto.
Karani akapangusa kalamu, akaandika 417.
Bati likatobolewa, likatiwa kamba, akavikwa shingoni.

Alibeba risasi za Wadachi.
Wadachi walipokimbia akabeba unga wa Waingereza,
kichwa kilekile, ngata ileile.
Vita vya nani? Bibi alikuwa akijibu: vya wenye kofia.

Siku ya tisa mbung'o walikuwa wamemaliza farasi,
na watu mia mbili wanalamba umande kwenye mitutu ya bunduki.
Yeye akatua mzigo bila ruhusa
(viboko sita, Bibi alivihesabu kwa vidole,
kana kwamba aliviona)
akafuata nyuki.
Akafuata nyuki, kisha kinyesi cha pofu,
kisha mchanga uliobadilika rangi kidogo,
kidogo sana, wewe na mimi tungepita.
Akachimba kwa mikono mpaka viwiko vikalowa.

Mia mbili wakanywa. Yeye alikuwa wa mwisho.
Usiku ule afisa akawasha taa, akaandika kwa mwandiko mzuri:
maji yalipatikana.
Utadhani maji ndiyo yaliyokuwa yakiwatafuta wao.

Hakurudi na nishani. Alirudi na kikohozi
na duara la upara utosini,
pale ambapo nywele zilikataa kuota tena.
Akakuta ghala tupu. Uwele ulikuwa umechukuliwa.
Umechukuliwa! Na mimi je, nimeusikia mdomo wangu?
Wauchukue akina nani? Wenye kofia, wote, kwa zamu.
Ikaja ile njaa ambayo jirani zetu Wagogo waliiita Mtunya,
na mkewe akawalisha watoto mizizi
ambayo ninyi leo mnaikanyaga mkienda kucheza mpira.
Yeye hakupewa hata bati.

Nilitaka kuendelea. Rimu ya lori ikagongwa, mapumziko.
Nikawaambia waandike, atakayemaliza atoke.

Jioni nasahihisha.
Wengi wameandika: Mtu alipata maji.
Nawapa vema. Sarufi haidai zaidi ya hapo.
Mmoja kaandika: Jeshi lilipata maji.
Nimemkata, kisha nimekaa na kalamu mkononi,
maana hata vitabu vyake vinamwambia hivyo.

Daftari la Dionisi liko chini kabisa.
Huyu hukaa nyuma, huandika kwa penseli ya kuokota.
Alitaka kuanza na herufi kubwa, kama nilivyomfundisha,
na kwa mlio ule herufi sikumfundisha.
Basi alibonyeza ncha mpaka karatasi ikatoboka.
Tundu dogo. Kisha jina lililobaki. Kisha:
alipata maji.

Nalisogeza daftari kwenye chemli.
Mwanga unapita.
Nyekundu yangu naiweka pembeni kabisa, kwenye ukingo,
nisije nikaliziba.