Treki ya Tisa

Kwanza nazima feni.
Feni ina mvumo wake, na maikrofoni hii ya kuazima
haina adabu, husikia kila kitu:
mbuzi ya nazi ya Bi Mize huko chini, krr, krr,
tuktuk ikigeuza uchochoroni Guraya,
mtoto akisomeshwa alifu kwa kofi la meza.
Godoro nimelisimamisha dirishani.
Blanketi la arusi ya mamangu nimelitundika mlangoni.
Jasho lashuka mgongoni polepole
kama mtu apitishaye kidole.
Narekodi.

Treki ya kwanza gambusi, uzi wa tatu una kutu.
Ya pili gambusi lilo hilo, nimelirudia
kwa kukosea kidogo, makusudi,
maana mapacha wakifanana mno
hawasikiki wawili.

Ya tatu hadi ya sita ni shangazi Rukiya.
Alipita akitoka sokoni na kikapu cha samaki,
akavaa hedifoni juu ya mtandio,
akaimba kiitikio mara nne,
mara karibu, mara ameupa ukuta uso.
Nilipozifungua zote pamoja akashtuka:
"Wanawake hawa wametoka wapi?"
Ni wewe, shangazi. Wote ni wewe.
Akasikiliza tena, kichwa upande.
"Huyo wa kushoto anishinda.
Basi tulipe wanne."
Akaenda zake kabla samaki hawajalala.

Ya saba besi, kwa vidole viwili.
Ya nane nimeifuta mara tatu, limebaki jina:
zumari mwisho mwisho kweli.

Ya tisa ilikuwa tupu miezi mitano.
Ya tisa ni ya Twalib.

Twalib yuko Doha, analinda mlango wa jengo
ambalo hajapanda hata ghorofa yake moja.
Saa ya huko ndiyo saa ya huku,
tukila daku naye yuala daku,
lakini sauti yake simuni hufika imechelewa
kana kwamba njiani imesimama kusalimia watu.
Chapuo lake liko juu ya kabati, ngozi imelegea.
Nikiligonga hunijibu kama mtu aliyeamshwa.

Jana usiku kaleta faili.
Dakika tatu, sekunde kumi na moja. Ndoo ya plastiki,
kaipiga kwa ncha za vidole, chooni,
wenzake saba wamelala, zamu yao alfajiri.
Maneno hakutia. Mwishoni mtu akohoa
na mkono wanyamaza katikati ya mdundo.

Nimeiweka. Haikukaa.
Kila kipigo chaja nyuma ya mstari,
unywele tu, unywele mmoja,
lakini sikio si jicho, halibembelezeki.
Kompyuta yaniuliza kwa heshima zake zote:
nirekebishe?
Kubonyeza mara moja, na kila kidole
kitasimama safu kama askari wa gwaride.
Nimebonyeza.
Imenyooka. Imekuwa ndoo.
Nimerudisha.

Nikakumbuka arusi moja Kisauni, stima ilipokatika,
mpiga kinanda mikono imemkwama hewani,
na Twalib peke yake akaendelea gizani,
akivuta nyuma, akivuta nyuma,
hata wanawake wakapunguza viuno kumngoja.

Basi nimezikamata zote: gambusi na pacha wake,
Rukiya wanne, besi,
hata lile jina la zumari lisilo na zumari,
nikazisogeza chembe kwa chembe,
milisekunde kumi na tisa
kumwendea.

Nahifadhi. Nahifadhi tena.
Mita ya stima yalia ukutani, yuniti mbili.
Nawasha feni.
Kesho nimpigie, nimwambie chapuo lake
lataka ngozi mpya, atume chochote.
Atasema ndiyo,
baada ya kile kimya chake kidogo.