Ukosi wa Bandia

Mama alikuwa na kosi tatu; shati hakuwa nalo hata moja.
Ukosi mtupu: vifungo viwili, kifua cha kiganja,
utepe wa kupitisha kwapani. Mikono hakuna, mgongo hakuna.
Ukiuvaa chini ya sweta, mtaa mzima wa Yangpu
unaapa una shati jeupe, tena limepigwa pasi.
Kuponi za nguo zilihesabiwa kama vidonge,
na mtu hula chumbani, lakini huvaa barabarani.

Kiwandani ilikuwa bluu. Bluu ya baba ikafupishwa ikawa ya kaka,
ikatiwa kiraka cha bluu
kilichokataa katakata kufanana na mwenzake.
Usiku alifua ukosi mmoja kwenye beseni,
akaunyoosha kwa kikombe cha bati kilichojaa maji ya moto.

Mimi nilizaliwa na haraka.
Mwaka wa themanini nilijishonea bugaluu
pana chini, ya kufagia ngazi.
Msimamizi Pang alisimama getini na mkasi,
akapasua mguu wa kushoto mpaka gotini.
Mkono wake ulitetemeka kuliko goti langu.
Miaka saba baadaye nikamkuta dukani
ndani ya suti, lebo ya mkononi hajaibandua,
akaniuliza, kwa sauti ya chini, tai hufungwaje.
Nikamfunga.
Sikukaza.

Kisha kiwanda kikafa. Nikaenda Dongguan
kushona mifuko ya jinzi: wa nyuma, wa kulia,
miaka kumi na mmoja, wa kulia tu.
Majina ya kwenye lebo yalinishinda kutamka.
Mahali fulani duniani
kuna mtu ameikalia kazi yangu, wala hajui.

Binti yangu Lingfei huvaa sketi ya marinda
ya enzi za wafalme, na raba chini yake,
akapanda hivyo treni ya chini ya ardhi.
Hageuki mtu, ila ajuza mmoja anayeuliza bei.

Juzi kilimfikia kifurushi. Alikifungua mbele ya simu,
watu mia nne asiowajua wakichungulia.
Ukosi. Mweupe. Mikono hakuna, mgongo hakuna.
Yuani mia moja thelathini na tisa.
"Ndio mtindo sasa," akasema.

Mama ana miaka themanini na sita. Aliupokea,
akaugeuza ndani nje,
akapitisha kidole kwenye mshono kama asomaye barua.
Nilidhani atalia. Alicheka mpaka meno ya kupachika yakamchomoka.

"Sisi tuliuvaa ili tusijulikane kuwa hatuna shati.
Wewe una kabati zima. Unamficha nani?"

Lingfei alitazama simu, akaizima.
Hakuna aliyesema neno.

"Na mshono wenyewe huu,"
Mama akaendelea, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani pake,
"haufiki Mwaka Mpya. Nileteeni sindano."

Nikamtungia uzi.
Lingfei akashika taa.