Siku ya Thelathini na Nne

Naishi Pasua. Wenzangu wa chumba cha mafaili
hawachoki kunitania: karani wa upasuaji, kwao Pasua,
jina limekuandama kama nzi na kidonda.
Nacheka. Kisha nafungua faili la sitini na moja.

Jedwali letu lina safu kumi na mbili.
Umri. Jinsi. Chanzo: bodaboda, gunia la saruji, kifua kikuu cha uti, mti.
Hapa kwetu mti una nafasi yake peke yake,
maana mlimani watu hupanda wazima, panga kiunoni,
kukata majani ya mbuzi,
wakashuka kwa njia ambayo hawakuichagua.
Safu ya tisa: pingili zilizofungwa vyuma.
Safu ya kumi na moja: matatizo baada ya upasuaji,
na chini yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
*ndani ya siku thelathini.*

Ndetaramo, miaka arobaini na sita, Machame.
Mfuruanje. Pingili ya kwanza ya kiuno imepondeka.
Skurubu nane, fito mbili.
Daktari Mshanga alifunga ngozi saa tisa alasiri,
akatoka shati limeganda kwenye mgongo wake mwenyewe.
Siku ya tatu, homa hakuna.
Siku ya kumi na nne, nyuzi zimetolewa.
Siku ya thelathini, kwa simu: Anaendeleaje?
Tunamshukuru Mungu.
Nikaandika sifuri.

Tunamshukuru Mungu si jibu, ni adabu.
Nilipaswa kulijua hilo, mimi niliyezaliwa hapa hapa.

Mwezi wa sita nikapanda Machame na dodoso mkobani.
Swali la saba: Je, unaweza kuinama ukafunga kamba za viatu?
Viatu vilikuwa uvunguni.
Kimoja kilikuwa na yai.
Nikaruka swali la saba.

Aikande, mkewe, akamgeuza ubavu ili nione.
Chini ya mshono, shimo, upana wa kizibo cha soda,
sasa kavu, jekundu pembeni.
“Lilianza kutoa maji usiku wa Jumapili ya Mitende.”
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena.
Thelathini na nne.
Siku nne nje ya ua.

Ndipo akatoa daftari, la shule, kurasa themanini,
nyuma kuna jedwali la kuzidisha.
Saa mbili, kushoto. Saa nne, chali. Saa sita, kulia. Saa nane, kushoto.
Usaha kijiko. Usaha nusu kijiko. Maji matupu.
Nimembana kidole gumba, hakuhisi.
Hakuhisi.
Hakuhisi.
Ukurasa mmoja una mstari mmoja tu: *nimepitiwa na usingizi, nisamehe.*
Hakusema anamwomba nani.
Tarehe tisa, kwa kalamu nyekundu ya mtoto:
*leo ameuliza, nani kanishika?*

Nikaliomba. Akalifuta vumbi kwa kanga, akanipa.

Daktari Mshanga alisoma amesimama. Akaketi. Akasoma tena.
“Thelathini ni thelathini,” akasema.
“Nikiivuta kwa ajili ya mmoja, nani ataniamini kwa mia?”
Sikumjibu. Alikuwa sahihi, na hakupenda kuwa sahihi;
alikuwa anakuna meza kwa ukucha
pale palipomwagika chai ya mtu mwingine.
Kisha: “Hiyo tarehe tisa. Kidole gumba cha mguu upi?”

Tukapekua. Mguu haukuandikwa.
Nikapiga simu.
“Wa kulia,” akasema Aikande, papo hapo,
kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe.
Nikaandika *kulia*, kwa penseli, pembeni, mahali pasipo na safu.
Nikashukuru. Nilikuwa nakata.

“Mwanangu, daftari mnalirudisha lini?
Tangu ulichukue naandika ukutani kwa mkaa,
na nimeshafika mlangoni.”