Kanji

Sikudhani alikuja dukani na bunda la mashati ya mtumba,
akauliza: "Unaweza kulisimamisha shati
bila mtu ndani?"
Dada, nikamwambia, mimi dobi wa Mtaa wa Sikukuu,
miaka arobaini nawanyooshea walio hai.
Lakini lete.

Tukapika kanji ya muhogo kwenye pipa,
nzito kama uji wa mzazi.
Tukachovya, tukakamua kidogo,
tukayavika mashati kwenye fito hadi yakakauka,
kisha tukachomoa fito.
Yakasimama.
Kola zimebana shingo ambazo hazipo.

Mia moja na kumi na mawili. Watu wakauliza
kama ndiyo hesabu ya waliokwenda Kagera wasirudi.
Hapana. Ndipo hela ya muhogo ilipoishia.

Jiji lilitoa kibali cha siku saba, muhuri wa bluu,
ada ya usafi imelipwa, risiti ninayo.
Alfajiri tukayapanga Mnazi Mmoja,
uso magharibi, kama yanayosubiri lori.
Mgambo wa zamu akazunguka mara mbili, akanung'unika:
"Mstari wa nyuma umepinda."
Akaunyoosha mwenyewe, taratibu,
kwa namna ya mtu aliyewahi kusimama humo.

Kijana mmoja aliingiza uso nyuma ya kola apigwe picha,
akacheka, akatoka, hakucheka tena.
Mama mmoja akafungua kifungo cha juu
cha shati lisilo la mtu.
"Alikuwa hapendi kubanwa," akasema, akaenda zake.

Usiku wa tatu umande ukalegeza mabega.
Sisimizi wakafuata muhogo.
Kunguru wakadonoa pindo.
Yule wa shaba kule kwenye mzunguko
hajawahi kulowa hata kwapa.

Siku ya sita mvua ilitokea Kigamboni bila hodi.
Watu wakakimbilia vibarazani Lumumba.
Mikono ndiyo ilitangulia kushuka,
kisha vifua,
safu kwa safu, kama waliosikia amri
sisi hatukuisikia.
Nikakurupuka na turubai. Sikudhani akanishika mkono:
"Acha, mzee. Kazi yenyewe ndiyo hii."
Nilimkasirikia. Maisha yangu yote
nimekuwa mtu wa kuanua.
Bado sijamaliza kukasirika.

Maji meupe yakaingia mtaroni,
yakapita chini ya magurudumu ya muuza mihogo
aliyeinua miguu, akatazama, hakusema neno.

Tuliyaokota, tukayafua, tukayakunja,
tukayagawa kwa vibarua wa sokoni.
Sasa nikipita Kariakoo naona mojawapo limebeba gunia,
limelowa jasho, lina mtu.

La kaka yangu Hizza halikuwamo.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja; nilimshikia kioo
akinyoa ndevu asubuhi ile aliyoondoka.
Lilirudi shati ndani ya bahasha ya serikali,
mama akakataza lisiguse maji.
Mama amekufa, katazo halijafa.
Liko sandukuni chini ya kitanda changu,
kola imeingia weusi wa shingo yake.

Dobi mzima mimi, najua uzito wa kila kitambaa
kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa.
Hilo tu
najua uzito wake mmoja.