Debe la Solo

Kaseti aliiacha mjomba Ambilikile,
fundi wa vichwa vya treni pale stesheni ya Mbeya.
Jalada limechanika, majina yamefutika,
limebaki neno moja kwa kalamu nyekundu: WAINGEREZA.

Upande wa pili, dakika ya nne na kitu,
gita la solo linachomoka katikati ya ngoma
kama msumeno uliopakwa asali.
Wenzangu husema kelele. Mimi nasikia
mtu anayelia amefumba mdomo.

Miaka mitatu naitafuta sauti ile.
Gita nimelichonga kwa mninga wa kitanda kilichovunjika;
koili nimezisokota kwa mkono, mizunguko elfu saba,
nikapotewa na hesabu mara mbili, mama akiniita nikale.
Valvu nilizing'oa kwenye redio mbovu ya misheni.
Besi nikapunguza. Trebo nikapunguza.
Sauti ya kati nikaisukuma mbele
kama mtoto mwenye haya siku ya wageni.
Kanyagio nikaliacha nusu, halijafunga, halijafungua.

Bado. Ilitoka safi mno,
baridi kama bomba la Juni, ukungu umeikalia Loleza.

Basi Jumanne moja, saa kumi na mbili jioni,
katikati ya noti taa ikafifia,
ikawa rangi ya chai ya mkandaa,
na gita likalainika.
Noti ikaning'inia, ikajiviringisha,
ikakataa kufa.
Vinyweleo vikanisimama hadi shingoni.
Halafu taa ikarudi, ule utamu ukaondoka.

Nikatoka nje bila viatu.
Ng'ambo ya uchochoro, Asangalwisye anafagia pumba,
mashine yake ya kusaga inapoa.
Kumbe ni yeye! Mota yake ikivuta umeme
Mwanjelwa nusu nzima inapungukiwa,
na valvu zangu, kwa njaa ile, zinaimba.

"Washa tena," nikamwambia.
"Nisage nini, upepo?"
Nikamweleza volti, Uingereza, mjomba.
Akanitazama kama anayenipima kilo.
"Leta mahindi."

Sasa kila Jumanne nanunua debe.
Nasubiri gita begani, amplifaya imeshika moto.
Yeye anapiga mluzi, anapandisha swichi,
mtaa unafifia, jirani anawatukana watu wa umeme,
nami naingia, dakika ya nne na kitu.

Haifanani kabisa.
Ya mjomba ina utepe uliovutika
na mvua ya bati ya siku aliyoirekodi.
Yangu ina unga.

Mama amechoshwa na magunia sebuleni,
dona juu ya sembe, sembe juu ya dona.
Lakini jana, akisonga ugali,
nilimsikia akiifuata kwa pua
pale noti inapopanda,
mdomo ameufumba.