Pahali pa Mkono

Februari, Winnipeg, chini ya ukumbi wa kanisa la Waukraine.
Makoti yamerundikwa juu ya piano,
runinga nene ya zamani inanguruma kama friji.
Maricris kashika kidhibiti chenye plasta kwenye kitufe.
Shujaa wake, upanga mrefu kuliko kimo,
kasimama ukingoni. Ostap yuko nje,
hewani. Chini yake hamna kitu.

Usimfuate.
Wiki jana alimfuata, wakazama wote wawili,
na Ostap akacheka hadi miwani ikadondoka.

Leo anahesabu.
Mruko wa kwanza Ostap keshautumia.
Wa pili kauficha
kama noti ya mwisho ndani ya soksi.
Na upanga, ukali wake uko nchani:
ukimkaribia mno unampapasa tu,
unamsukuma arudi nyumbani salama.

Basi anakata hewa tupu, makusudi,
mara moja, kizembe,
Ostap aone mlango umeachwa wazi.
Anaruka.
Noti imetoka.

Sasa hana haja ya kupiga.
Anageuka, anajidondosha, anadaka ukingo kwa vidole,
na mkono wa Ostap, uliokuja kwa hesabu zake zote,
unafika pahali pake
na kukuta pana mwenyewe.

Mlio wa kuanguka. Mtu fulani anapiga meza.
Ostap ananyanyuka bila neno, anakwenda kwenye birika,
anarudi na vikombe viwili.
“Tena,” anasema.
Benchi ni fupi.
Maricris anasogea, ampishe.